Ufa Usiozibwa

Mpira wa gofu hukaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo kila kitu huwa kimekwisha kuamuliwa. Mpira hauoni jinsi fimbo ilivyopanda. Haujui kama kiwiko cha kulia kiliruka mbali na ubavu, kama mkono wa kushoto ulipinda, wala kama kichwa cha fimbo kilichora duara angani kabla ya kushuka. Yanayoufikia ni mambo machache tu: uso wa fimbo ulielekea wapi, fimbo ilipita kwa njia gani na kwa kasi gani, na ni sehemu ipi ya uso huo iliyougusa.

Hata hivyo wachezaji humaliza miaka wakihangaikia safari ya fimbo kwenda nyuma, na wana sababu. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya swingi, yaani mzunguko mzima wa fimbo, inayokwenda polepole kiasi cha mtu kuweza kuiwazia. Kwa wachezaji wakubwa, kupanda kwa fimbo huchukua kama mara tatu ya muda wa kushuka kwake. Ikishaanza kushuka, imebaki robo ya sekunde hivi, na hakuna akili ya binadamu inayoweza kujisahihisha humo. Anayetaka kubadili kitu hana budi kukibadili huko nyuma. Lakini liko swali linalotangulia, na kulijibu ninakuona kuwa ufundi mkubwa kuliko kuupiga mpira mita 300: je, kasoro hii iguswe, au iachwe?

Mwaka 1983 Nick Faldo wa Uingereza alishinda mashindano matano barani Ulaya na kuongoza orodha ya mapato ya msimu. Alikuwa kijana mrefu mwenye mdundo wa kupendeza. Watu walikuja uwanjani kumtazama akipiga tu, wala hapakuwa na aliyedhani ana la kurekebisha. Yeye mwenyewe alidhani. Mipira yake ilipanda juu mno, miguu yake ilisukuma kwa nguvu kuliko kiwiliwili kilivyogeuka, na penye upepo au hofu mambo yalitegemea mikono iwahi kufika kwa wakati wake. Kwenye mashindano ya Masters ya 1984 alikuwa miongoni mwa wanaowania, na siku ya mwisho akaporomoka.

Mwaka 1985 alimwendea kocha David Leadbetter na kumtaka aivunje swingi hiyo yote. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Walibadilisha mkao, wakabadilisha namna vifundo vya mikono vinavyokunjika mapema, wakapunguza mwinuko wa njia yake, na wakakifanya kiwiliwili kiongoze na mikono ifuate. Kila siku alipiga mipira kwa mamia. Katika kipindi hicho mchezaji aliyekuwa kinara wa Ulaya alishuka hadi watu wakaanza kumzungumzia kama mtu aliyejiharibia mwenyewe. Nikiufikiria uamuzi ule, uchungu wake nauona hapa: kilichokuwa kikibomolewa kilikuwa kizuri, na kila mtu alikuwa akimwambia hivyo.

Julai 1987, kwenye Open ya Uingereza pale Muirfield, Uskoti, siku ya mwisho ilikuja na ukungu na baridi. Faldo alicheza mashimo yote 18 kwa idadi ileile ya mikwaju iliyopangwa kwa kila shimo. Hakupunguza hata mmoja, hakuongeza hata mmoja. Paul Azinger wa Marekani, aliyekuwa akiongoza, alipoteza mkwaju kwenye shimo la 17 na mwingine kwenye la 18, na Faldo akashinda kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Baadaye alichukua mataji makubwa mengine matano. Wapo wanaoiona raundi ile kuwa kavu. Mimi naiona kuwa jibu kamili la swali alilojiuliza miaka mitatu kabla, kwa sababu alichokuwa akikitafuta ni swingi isiyotetereka wakati moyo unadunda.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Uzuri wa swingi hausemi chochote, na ubaya wake pia hausemi. La kuuliza ni hili: kasoro hufanya nini hofu inapoingia? Ikiwa mpira huenda kombo Jumatano ya mazoezi lakini Jumapili ya mashindano huenda kombo kwa kiasi kilekile, mchezaji ana kitu cha kujengea. Ikiwa Jumatano unakwenda sawa na Jumapili unakwenda kushoto leo na kulia kesho, hana.

Kuna jambo la pili, na hili huwaponza wengi. Kasoro haikai peke yake. Mwili una akili zake. Fimbo ikienda nyuma kwa njia mbaya, mwili hujifunza, bila kuambiwa na mtu, dawa ya kuirudisha wakati wa kushuka. Mtu anayeivuta fimbo mno kuelekea nyuma ya mgongo huishia kuitupa nje mabega yanapogeuka, na akipenda anaweza kuishi hivyo miaka mingi akipiga mipira ya kuridhisha. Siku kocha mwenye haraka anapomnyoosha njia ya kwenda nyuma, dawa inabaki bila ugonjwa. Bado fimbo inatupwa nje, safari hii kutoka mahali sahihi, na mpira unakatwa vibaya kuliko zamani. Mchezaji anarudi nyumbani akisema somo halikufaa. Somo lilikuwa sahihi kwa nusu, na katika jambo hili nusu ni hatari.

Ian Baker-Finch wa Australia alishinda Open ya 1991 pale Royal Birkdale, kisha akaanza kuibadili swingi yake akitafuta umbali zaidi. Mwaka 1997, kwenye Open ya Royal Troon, alipiga mikwaju 92 siku ya kwanza na kujitoa. Sitaki kusema kwamba sababu ilikuwa moja. Lakini kila kocha anayemwekea mchezaji mkono begani kumgeuza anapaswa kuyajua majina yote mawili, lake na la Faldo.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mambo mengi ya maisha ni kweli tupu. Makocha wa gofu ninaowaheshimu hawapingani na methali hiyo. Wao hutaka kwanza kujua kama walichokiona ni ufa, au ni mahali ambapo ukuta umejipindia ukapata kusimama.

Calvin Peete ni mfano ninaoupenda. Alizaliwa Detroit mwaka 1943 na kukulia Florida katika familia ya vibarua wa mashambani. Utotoni alianguka kutoka mtini akavunjika kiwiko cha kushoto, na mkono huo haukunyooka tena kikamilifu maisha yake yote. Fimbo ya gofu aliishika akiwa na umri wa miaka 23. Amri ya kwanza anayopewa karibu kila anayejifunza ni kwamba mkono wa kushoto unyooke wakati fimbo inapopanda, na Peete hakuweza kuitii. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990, aliongoza mashindano ya PGA ya Marekani kwa usahihi wa mpigo wa kwanza. Alishinda mara 12 huko, likiwamo taji la Players la 1985. Ninavyouelewa mkono ule, ulipinda lakini ulipinda vilevile kila mara. Amri ya kunyoosha mkono ipo ili umbali kati ya bega na mpira usibadilike, na wake haukubadilika. Aliitimiza sababu ya amri bila kuitii amri yenyewe, na mwalimu aliyeishika amri tu angemfukuza.

Kwa hapa kwetu jambo hili si la mbali. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, wakibeba mifuko ya wanachama na kuiga walichokiona, kwa fimbo walizozipata. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, naye alianza hivyo huko Pedreña, Hispania: kedi mdogo aliyejifundishia ufukweni kwa fimbo moja ya chuma, namba 3. Swingi iliyoota namna hii huwa na mambo yasiyomo katika kitabu chochote. Kocha aliyesomea kazi yake anapokutana nayo, mikono humwasha.

Aliye fundi hujizuia. Ukimtazama akifanya kazi, utaona haanzi na fimbo ikiwa juu, mahali ambapo simu zote siku hizi zimeelekezwa. Huutazama mpira unavyoruka. Halafu huangalia pengo lililobaki ardhini baada ya nyasi kung'oka, limeelekea wapi na lina kina gani. Kisha alama zilizochakaa kwenye uso wa fimbo, zimekaa katikati au zimesogea ncha. Baada ya hapo huitazama mikono kabla haijasogea hata kidogo, kwa kuwa kasoro nyingi zinazoonekana nyuma zilianzia kwenye mshiko. Anayeshika fimbo na kuuacha uso wake wazi atajifunza mzunguko wa ajabu wa kuufunga. Mgeuzie kiganja kidogo tu, na baada ya majuma mzunguko unaweza kuondoka wenyewe, bila mtu kuutaja.

Hujiuliza pia mtu huyu ana muda gani. Mwenye kucheza Jumamosi tu, aliyevuka miaka 50, hana miaka miwili ya Faldo. Afadhali afundishwe mipira mifupi ya kuzunguka shimo na aachiwe swingi yake. Kasoro moja ndiyo nisiyoona ubishi wa kuiacha: kiwiliwili kinapoinamia upande wa shabaha wakati fimbo iko juu. Mkao huo huukamua mgongo wa chini kila mpigo, na mpira ukienda sawa au usiende, hapo mtu arekebishwe leo.

Nimemwacha hadi sasa Mike Furyk, mwalimu wa gofu wa Pennsylvania, kwa sababu kazi yake ndiyo ngumu kuonekana. Mwanawe Jim, aliyezaliwa mwaka 1970, alikuwa na swingi ambayo mtangazaji David Feherty aliwahi kuifananisha na pweza anayeanguka kutoka mtini. Fimbo hupanda kwa nje, karibu wima, mikono ikiwa juu sana. Ikifika kileleni hudondoka nyuma kwa duara kubwa, kiwiko cha kulia kikiteremka hadi kukaribia nyonga, na nyonga zenyewe zinakuwa zimekwisha kufunguka kuelekea shabaha. Kuanzia hapo hadi kwenye mpira, kila kitu kimenyooka kama cha bingwa yeyote. Sehemu mbili zile, kupanda kwa nje na kudondoka kwa ndani, zinahitajiana. Ukiondoa ya kwanza ukaiacha ya pili, fimbo inanaswa nyuma ya mwili na mpira haujulikani utaelekea wapi. Baba aliliona hilo, akafundisha vitu vingine vyote, na duara akaliacha.

Jim hakuwa na mwalimu mwingine. Mwaka 2003 alishinda US Open pale Olympia Fields, karibu na Chicago, kwa mikwaju 272, iliyolingana na rekodi ya wakati huo. Mwaka 2010 akawa mchezaji bora wa mwaka. Lakini uamuzi wa kuacha haufanywi mara moja ukaisha, na hapa nadhani Mike alihitaji ujasiri zaidi kuliko Faldo. Faldo aliamua, akafanya, watu wakaona. Anayeacha hulazimika kuamua upya kila mambo yanapoharibika, na kila mara watu wana kitu cha kunyoshea kidole. Kwenye US Open ya 2012, San Francisco, Jim alikuwa akiwania uongozi alipofika shimo la 16 siku ya mwisho, akaukunja mpira wake wa kwanza kushoto, mitini, na taji likamponyoka. Alikuwa na miaka 42. Hakuna siku ambayo ingekuwa rahisi zaidi kulilaumu lile duara.

Hawakuligusa. Septemba 2013 alipiga mikwaju 59 katika raundi moja. Agosti 2016, mwaka aliofanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono wa kushoto, alipiga 58 pale Cromwell, Connecticut, raundi ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano ya PGA ya Marekani. Alikuwa na miaka 46, fimbo ilikuwa ikipanda kwa nje na kudondoka kwa ndani, na baba yake alikuwa bado ndiye mwalimu wake.