Pampu Iliyozungushwa Kinyume: Hesabu za Thima

Mradi wa Gura katika kaunti ya Nyeri, uliojengwa na kampuni ya umeme ya KTDA kwa ajili ya viwanda vya chai, una uwezo wa megawati 5.8. Kwa mhandisi kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, hiyo ndiyo aina ya kazi ambayo angependa kuiandika kwenye wasifu wake. Ukienda hadi upande wa kusini wa Mlima Kenya, ndani ya Kirinyaga, unafika Thima, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifungwa mashine ya kilowati 2.2. Gura ni zaidi ya mara 2,600 ya Thima. Hata hivyo, anayetaka kujua uamuzi wa kihandisi unavyofanywa atajifunza mengi zaidi Thima, kwa sababu huko hapakuwa na fedha za kufunika uamuzi mbaya. Kila kosa lingeonekana usiku wa kwanza kwenye taa ya mwanakijiji.

Mradi huo ulifanywa pamoja na mwenzake wa Kathamba, katika Kirinyaga hiyo hiyo, kwa ushirikiano wa wanavijiji na kituo cha umeme mdogo wa maji cha Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza. Phillip Maher, Nigel Smith na Arthur Williams walichapisha tathmini yake mwaka 2003. Kathamba maji huanguka meta 28, na yanayopita kwenye mashine ni lita 8.4 kwa sekunde. Thima anguko ni meta 18 tu, lakini maji ni lita 28 kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo iliyochagua mashine. Maji machache yenye anguko refu yanafaa gurudumu la Pelton, lile linalopigwa na mchirizi wa maji kwenye vikombe vyake, na hivyo ndivyo ilivyofanywa Kathamba. Maji mengi yenye anguko fupi yangedai turbaini ya aina nyingine, yenye umbo gumu kutengeneza na inayoagizwa kwa oda maalumu. Badala ya kuiagiza, timu ya Thima ilichukua pampu ya kawaida, ya aina inayosukuma maji mashambani, ikayaingiza maji mahali ambapo kwa kawaida hutokea, na impela ikazunguka kinyume. Mota iliyokuwa ikiendesha pampu ikawa jenereta.

Maelezo hayo yanafanya jambo lionekane jepesi, na hapo ndipo wengi hulidharau. Pampu ikigeuzwa haifanyi kazi vizuri kwenye anguko na wingi wa maji ulioandikwa kwenye kibati chake. Inapokuwa turbaini inadai anguko kubwa zaidi na maji mengi zaidi, kwa sababu upotevu uliokuwa ukipunguza maji yanayosukumwa sasa unapaswa kulipiwa na maji yanayoingia. Kuna kanuni ya makadirio inayotumiwa sana: anguko la kazi ya turbaini hupatikana kwa kugawa kimo cha pampu kwa ufanisi wake uliopandishwa kwa kipeo cha 1.2, na wingi wa maji kwa ufanisi huo kwa kipeo cha 0.8. Tuchukulie pampu yenye ufanisi wa asilimia 70, na tuchukulie kwamba meta 18 zote zinafika kwenye mashine. Anayetaka kutumia lita 28 asitafute pampu ya meta 18 na lita 28. Atafute ya karibu meta 12 na lita 21. Akikosea hapo, mashine itazunguka bila kutoa umeme wa maana, na hakuna vali wala nati itakayoliponya kosa hilo, kwa kuwa pampu haina majani ya kuelekeza maji yanayoweza kurekebishwa kama ilivyo kwenye turbaini kubwa.

Upande wa umeme nao una ujanja wake. Mota ya induksheni ya fezi tatu, ikizungushwa kwa nguvu kupita kidogo mwendo wake wa kawaida na ikiunganishwa na kapasita, hujisisimua kutokana na sumaku kidogo iliyobaki ndani ya chuma na kuanza kuzalisha umeme. Lakini kijijini panatakiwa umeme wa fezi moja, maana nyaya mbili ni nafuu kuliko nne. Smith, aliyeandika kitabu kizima juu ya mota kutumiwa kama jenereta, alieneza mpangilio ambao kapasita moja hufungwa kwenye fezi moja na yenye ukubwa mara mbili kwenye nyingine. Hapo mota ya fezi tatu hutoa umeme wa fezi moja huku koili zake zikibeba mzigo karibu sawa. Sharti ni kwamba kapasita kubwa iwekwe upande unaolingana na mwelekeo wa mzunguko. Ikiwekwa upande usiofaa, mota huchemka. Kisha kuna kidhibiti cha elektroniki: wanakijiji wakizima taa, umeme usiotumika hupelekwa kwenye hita, na mashine haihisi tofauti. Hakuna haja ya kudhibiti maji, na hivyo hakuna gavana ya majimaji ya kuharibika.

Mhandisi makini atapinga kwa kikokotoo mkononi. Zidisha meta 18 kwa lita 28 kwa 9.81, utapata karibu kilowati 4.9 za nguvu ya maji. Zilizotoka ni 2.2, yaani asilimia 45. Kathamba nako, kwa hesabu hiyo hiyo, ni asilimia 48. Katika mradi wa megawati, mhandisi anayeleta asilimia 45 atafute kazi nyingine. Pingamizi hili lina uzito, ila linapima kitu ambacho hakikuwa haba Thima. Maji yale yangeshuka bondeni kwa vyovyote, na baada ya kupita kwenye mashine yalirudi mtoni yakiwa lita zile zile. Kilichokuwa haba ni fedha za mwanzo, vipuri, na fundi. Mlima Kenya una mafundi wengi wa pampu na mota, kwa kuwa viwanda vya kahawa vya ushirika na wakulima wa umwagiliaji wamekuwa wakivitumia vyombo hivyo kwa miaka mingi. Beringi, sili na koili za mota hupatikana au kutengenezwa katika miji ya kawaida. Turbaini ya oda yenye ufanisi wa asilimia 70 ingetoa karibu kilowati moja na robo zaidi siku ya uzinduzi, halafu ikavunjika sehemu inayotengenezwa ng'ambo pekee. Wastani wa miaka kumi ndio unaopaswa kulinganishwa, na wastani huo huathiriwa zaidi na siku ambazo mashine imesimama kuliko na asilimia za kwenye maabara.

Huu ndio msingi wa hoja yangu: uamuzi wa Thima ulihamisha ugumu. Ugumu wote ulikusanywa kwenye meza ya mhandisi kabla ya kufunga mashine, katika kuchagua pampu, kukokotoa kapasita, na kupima maji ya kiangazi ili pampu isiyojua kupunguza mwendo isikaukiwe. Aliyeachiwa mashine akabaki na kazi ambayo fundi yeyote wa eneo aliijua tayari. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunanunua mtambo ambao muuzaji amekwisha kufikiria kwa niaba yetu, tunaufunga upesi, na ugumu wote tunamwachia mwendeshaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipuuza. Kilowati 2.2 kwa nyumba 110 ni wati 20 kwa nyumba, na Kathamba kilowati 1.1 kwa nyumba 65 ni wati 17. Hizo ni taa mbili za kuokoa umeme na redio, basi. Kinu cha kusaga mahindi hakiwezi kuendeshwa hapo. Mota yake ikijaribu kuanza, jenereta ya aina hii hupoteza usisimuaji na volti huanguka zote, jambo ambalo ni kinga nzuri dhidi ya shoti lakini ni kikwazo kwa biashara. Wale wa Tungu-Kabiri, Meru Kusini, waliojenga mtambo wa kilowati 18 karibu na kipindi hicho hicho, waliuelekeza umeme wao kwenye biashara badala ya kuugawa nyumba kwa nyumba, na kwa upande wa kipato nadhani walikuwa sahihi kuliko Thima. Kisha mwaka 2015 serikali ikaanzisha mradi wa kusambaza umeme hadi nyumba za mwisho, nguzo za Kenya Power zikasogea vijijini, na mkulima anayeweza kupiga pasi hana sababu ya kushukuru kwa wati 20. Yote hayo ni kweli. Lakini gridi haikuifanya mashine ile kuwa takataka. Jenereta ya induksheni ndiyo rahisi kuliko zote kuunganisha na gridi: haihitaji kusawazishwa, gridi yenyewe huisisimua, na inachohitaji ni kuzungushwa kidogo juu ya mwendo wa hertzi 50, pamoja na kinga ya kuikata mashine pale gridi inapozimika ili fundi wa laini asiuawe na umeme wa kijiji. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilitoa nafasi kwa mitambo isiyozidi megawati 1 kupima umeme unaoingia na unaotoka. Kilichobaki kuwa kigumu ni mita, mkataba na kinga, na gharama ya hivyo vitatu kwa kilowati mbili haijilipi hata kidogo. Kwa hiyo Thima peke yake hauwezi kuwa kielelezo cha biashara leo. Namna ulivyoamuliwa inaweza, hasa kwa mitambo ya makumi ya kilowati.

Wapo watakaosema kazi ya ukubwa huu haimjengi mhandisi anayeandaa ripoti yake ya usajili kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mimi naona vingine. Katika mradi mkubwa mhandisi mchanga huenda akashika kipande kimoja, labda nyaya za chumba cha udhibiti, asijue maji yalipimwa vipi. Katika kilowati mbili anapima mto, anachagua pampu, anakokotoa kapasita, anachora laini na kukaa na kamati kukubaliana nani apewe taa ngapi. Ningeipitisha ripoti hiyo kabla ya nyingine.

Anayechora mradi wa maji leo Othaya, Karatina au Kerugoya, uwe wa umeme au wa umwagiliaji, aandike kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yake: mashine ikisimama Jumamosi jioni, ataifungua nani, na kipuri kitatoka duka la mji gani. Na mkaguzi asiyeliona jibu hilo airudishe ripoti.