Ngumi ya Paladini: Sarufi na Mamlaka katika Kanuni za Mchezo

Kitabu cha kanuni za mchezo husomwa kwa makini kuliko riwaya nyingi, na hugombaniwa zaidi. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, neno moja la kanuni laweza kuamua kama mhusika ataishi au atakufa. Utata wa lugha yake unastahili uhakiki sawa na utata wa matini yoyote nyingine.

Mfano mzuri umo katika toleo la tano, la mwaka 2014. Paladini, shujaa aliyejifunga kwa kiapo, ana uwezo uitwao Divine Smite, unaotia nguvu za kimungu katika pigo lake: dadu 2 za pande 8 kwa uchache. Ngumi ya kawaida, kwa kulinganisha, hujeruhi kwa pointi 1 tu pamoja na nyongeza ya nguvu za mwili. Sharti la uwezo huo ni kwamba adui awe amepigwa kwa kile ambacho Kiingereza hukiita melee weapon attack. Swali likazuka: paladini aliyenyang'anywa upanga, akabaki na ngumi tu, anao bado uwezo huo?

Maneno hayo matatu yamepangwa bila kiunganishi, na mpangilio wenyewe hauonyeshi la kwanza linasifu lipi. Kiswahili hakiruhusu ukimya huo. Mfasiri hana budi kuchagua kati ya "shambulio la silaha ya ana kwa ana" na "shambulio la silaha la ana kwa ana". Herufi moja inazitenganisha maana mbili. Katika tafsiri ya kwanza, silaha ndiyo ya ana kwa ana, na lazima iwepo mkononi. Katika ya pili, shambulio ndilo la ana kwa ana, na "la silaha" hutaja aina tu, kinyume cha shambulio la uchawi. Waandishi wa kanuni walikusudia maana ya pili, na ngumi, ingawa si silaha, ilihesabiwa ndani ya aina hiyo.

Hata hivyo, upatanisho wa kisarufi haumalizi kesi. Maelezo ya uwezo huo yalitaja pia majeraha yanayotokana na silaha. Kwa hoja hiyo, jibu rasmi la Jeremy Crawford, mbunifu wa kanuni, lilikuwa hapana. Lakini jibu hilo liliongeza jambo zito kuliko hukumu yenyewe: msimamizi wa mchezo akiiruhusu ngumi, mizani ya mchezo haiharibiki. Silaha ilitajwa kwa ajili ya taswira, kwa kuwa paladini wa jadi huhusishwa na silaha.

Hapo kanuni inakiri kuwa ni fasihi. Ikiwa sababu ya katazo ni taswira, walioketi mezani wana haki ya kuipima taswira hiyo, maana wao ni watunzi wenza wa kisa. Nguvu ya kiapo imo katika chuma au katika nafsi ya aliyeapa? Kisa cha kiapo ambacho mlinzi wa gereza anaweza kukitwaa pamoja na upanga ni kisa dhaifu. Kisa cha upanga uliobarikiwa, kwa upande wake, chaweza kudai jibu la hapana.

Uhuru huo una hatari yake. Andiko humlinda mchezaji mkimya dhidi ya mwenye ulimi mtamu, na msimamizi anayelipuuza huishia kuhukumu kwa upendeleo. Kwa hiyo sarufi itangulie, muktadha ufuate, na kusudi lije mwisho. Kisha uamuzi utolewe pamoja na sababu yake, kabla mchezaji hajaweka uhai wa mhusika wake rehani, na uwabane wote.

Mwaka 2024 kanuni ziliandikwa upya. Divine Smite ikawa miongoni mwa maafuni ya paladini, na pigo la mkono mtupu likaruhusiwa waziwazi. Mabadiliko hayo hayawageuzi waliosema ndiyo hapo awali kuwa wasomaji sahihi, kwani matini waliyoisoma ilikuwa nyingine. Yanathibitisha tu kwamba taswira iliyofunga mlango miaka 10 kabla haikuwa ya lazima, na kwamba aliyeihoji aliuliza swali la haki.