Makovu ya Animorphs

Washairi wetu wana aibu moja ndogo ambayo wote wanaijua: neno la kujazia mizani. Mshororo unadai mizani 16, maana imekwisha kwenye ya 13, kina kinangoja. Mshairi hupachika “nasema” au “jamani” akasonga mbele. Asiye na sikio hapati habari. Mwenye sikio hutabasamu, maana hata kujazia kuna ustadi wake: yuko anayejazia kwa kokoto, na yuko anayejazia kwa kitu ambacho ukikitoa shairi linapwaya.

Mawazo haya yalinirudia nikisoma Animorphs, mfululizo wa Kimarekani wa hadithi za kisayansi kwa vijana. Vitabu vyake nilivipata kimoja kimoja kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam, bila mpangilio wowote: namba 22 kwanza, kisha 5, kisha 39. Ukisoma kwa fujo namna hiyo unalazimika kujiuliza mapema: hivi nilivyoruka vilikuwa na kitu, au vilikuwa “nasema” na “jamani”?

Vyenye namba viko 54. Cha kwanza kilitoka Juni 1996, cha mwisho Mei 2001, karibu kimoja kila mwezi, mbali na vile vya pembeni visivyohesabiwa. Mchapishaji alikuwa Scholastic. Jina la jaladani ni K. A. Applegate, yaani Katherine Applegate, ingawa kazi aliifanya pamoja na mumewe, Michael Grant. Vijana watano, Jake, Rachel, Tobias, Cassie na Marco, wanakatiza usiku kwenye eneo la ujenzi lililotelekezwa, wanamkuta Andalite, kiumbe wa sayari nyingine, amejeruhiwa. Kabla hajauawa anawapa uwezo wa kujigeuza mnyama yeyote waliyemgusa. Adui ni Yeerk, kiumbe kama koa anayeingia kwa sikio, akajitandaza juu ya ubongo na kumwendesha mtu kama dereva anavyoendesha gari. Mwenye mwili bado yumo ndani. Anaona, anasikia, hawezi kuinua hata kidole. Jake, kiongozi wa kundi, ana kaka mmoja tu, Tom, na Tom tayari ameshaingiliwa. Wanakula meza moja.

Kuna sheria mbili za kujigeuza. Ukizidisha saa mbili katika umbo la mnyama, umenasa humo maisha. Na ukitoka katika umbo hilo, majeraha yote yametoweka, kwa sababu mwili unajengwa upya kutoka kwenye vinasaba, na vinasaba havina habari kwamba ulikatwa mguu.

Nimekaa sana na sheria hii ya pili. Mfululizo wowote wa kila mwezi unahitaji kifutio, maana mwezi ujao wahusika lazima wawe wazima. Waandishi wengi hukificha: mpelelezi anapigwa risasi ya bega wiki hii, wiki ijayo anaruka ukuta, na msomaji mwungwana haulizi. Applegate alikiweka kifutio mezani, mbele ya macho ya watu, akakipa sababu ya kibiolojia. Rachel anaweza kukatwakatwa akiwa dubu jioni, na usiku yuko chumbani kwake anafanya kazi za shule, hana hata mchubuko. Kisha, akiisha kuupa mwili kifutio, mwandishi akakataa kukipa kitu kingine chochote. Dhamiri haina. Kumbukumbu haina. Undugu hauna.

Ndiyo maana sihitaji orodha za mashabiki za kipi kisomwe na kipi kirukwe. Nina swali moja tu: kitabu kimekwisha, wote wamerudi katika maumbo yao, nani bado anatoka damu?

Kwa kipimo hicho Tobias karibu hana kitabu cha kuruka. Katika namba 1 anachelewa, saa mbili zinampita, na yule mvulana asiye na nyumba ya maana anabaki mwewe mwenye mkia mwekundu. Tangu hapo, kila ukurasa anaousimulia unaanzia ndani ya jeraha. Hata akiwinda panya kwa kurasa tatu, hakuna kinachojazwa hapo.

Namba 6 ni mfano wa aina nyingine. Yeerk anamwingia Jake mwenyewe. Koa hawa lazima warudi kwenye bwawa lao kila baada ya siku tatu kupata mionzi inayowaweka hai, kwa hiyo wenzake wanamficha Jake msituni na kungoja koa afe njaa kichwani mwake. Umeona kazi ya fundi: saa mbili upande huu, siku tatu upande ule, saa mbili za ukutani zinazokwenda kinyume. Yule Yeerk anapokata roho, Jake anaona kwa nukta moja kiumbe mwenye jicho jekundu, naye anamwona. Halielezwi. Kitabu kinafungwa, vinafuata vingine 19, na jicho lile linarudi kwenye namba 26 likiwa na jina. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 alipoliona mara ya kwanza alikuwa amekaribia 12. Mwandishi wa kila mwezi, mwenye tarehe ya mtambo wa kuchapa shingoni, kuweka deni la muda huo na kulilipa, mimi navua kofia.

Sasa namba 22, niliyoianza bila kujua David ni nani. Ni mwisho wa vitabu vitatu, 20 hadi 22. David, mvulana mgeni shuleni, ameokota kisanduku cha buluu, chombo kinachotoa uwezo wa kujigeuza. Yeerk wanavamia nyumba yao na kuwachukua wazazi wake. Kundi halina la kufanya ila kumwingiza. Naye anageuka: anadanganya, anawinda wenzake, anadhani ameshamuua Tobias kwa kumchana mwewe mwingine asiye na hatia. Kumuua hawataki. Kumwachia hawawezi. Basi wanamtega mpaka anajigeuza panya, wanamfungia, na wanangoja.

Saa mbili.

Hapa ndipo nilipokiweka kitabu chini, nikiwa kwenye daladala, nikapitisha kituo changu. Sheria iliyomnasa Tobias kwa bahati mbaya katika kitabu cha kwanza imegeuzwa gereza, na wanaoligeuza ni wale wale waliomlilia Tobias. Mwandishi hakubuni silaha mpya. Aliinua ile iliyokuwa imelala sakafuni tangu mwanzo. Tena angalia nani anasimulia. Wasimulizi hupokezana, na zamu zilipangwa hivi: Marco 20, Jake 21, Rachel 22. Marco angeficha jambo kwa mzaha, Jake angelijadili. Rachel, anayependa vita kuliko inavyofaa, ndiye anayebaki na panya yule akisikia sauti yake kichwani hadi dakika ya mwisho, kisha wanamwacha kwenye kisiwa cha mawe. Hakuna aliyechubuka. Hakuna kitabu katika vile 54 chenye damu nyingi kuliko hiki.

Baada ya hapo uzi unalegea, na sababu inajulikana. Kuanzia namba 25 hadi 52, ukiondoa 26 na 32, vitabu viliandikwa na waandishi wa kukodi kwa kufuata mihtasari. Hawakufichwa sana, ukurasa wa mbele ulimshukuru mtu fulani kwa msaada wa kuandaa mswada. Applegate mwaka 1999 alikuwa ameanzisha mfululizo mwingine, Everworld. Mwandishi wa kukodi ni kama mtu aliyeachiwa nyumba ailinde. Anaruhusiwa kupika, kufagia, hata kualika wageni wa ajabu, lakini haruhusiwi kubomoa ukuta. Mwenye nyumba lazima aikute ilivyokuwa. Kwa hiyo wageni wanakuja kweli kweli. Cassie anajikuta Australia. Wanarudi Helmacron, vijiumbe vidogo ajabu vyenye majivuno ya kifalme, na safari hii vinaingia puani kwa Marco. Na katika namba 39 nyati, huyu huyu wetu wa Afrika anayewatoa jasho waongoza watalii, anapata uwezo wa kujigeuza na kuchukua umbo la makamu mkuu wa shule. Nilicheka, sikatai. Mwezi mmoja baadaye hakuna mtu kundini anayeonekana kumkumbuka nyati.

Lakini kosa ni kudhani kwamba kujazia kulianza na waandishi wa kukodi, au kwamba wao hawakuweza kuacha kovu. Namba 33, ambamo Tobias anafungiwa kwenye sanduku la kioo na kuteswa kwa mashine inayotia maumivu na raha kwa zamu, si ya Applegate, na sijui kitabu chake kingapi kinaufikia. Huko mwandishi wa kukodi alipewa msumari na akaupiga.

Na namba 14 ni ya Applegate mwenyewe. Yeerk wamewaingia farasi ili wajipenyeze kwenye kambi ya siri ya jeshi la Marekani. Nini kinalindwa mle kwa ulinzi wote ule? Vijana wanahatarisha maisha kukifikia, wanakiona, na Ax, Andalite mwingine aliyejiunga na kundi, anakitambua mara moja: ni choo. Cha Andalite, cha kisasa, lakini choo.

Ni kujazia kutupu. Kwa kipimo changu kinaanguka, hakuna anayetoka damu. Hata hivyo tazama kilipowekwa. Namba 13 ndiyo ambayo Tobias anarudishiwa uwezo wa kujigeuza, akiwa bado mwewe. Namba 15 inampeleka Marco mbele ya mama yake, ambaye koa wa cheo cha juu amemvaa kama koti. Kati ya maumivu hayo mawili fundi aliona pengo, akapima ukubwa wake, akatia choo. Nasema, jamani. Kimekaa.

Kuna kimoja kinachonisumbua hadi leo, namba 17. Inagundulika kwamba uji wa shayiri wa pakiti, ladha ya tangawizi, unawapagawisha Yeerk na kuwatia uraibu. Unaanza kucheka kama ulivyocheka kwa choo. Kisha Cassie anauliza kama wanaruhusiwa kutumia dawa ya kulevya kama silaha, wakati ndani ya kila kichwa kuna mtu mwingine aliyefungwa, atakayebaki na mwendawazimu asiyetoka. Kicheko kinakwama. Sijaamua niiweke wapi.

Mwishoni kifutio kinaisha wino. Katika namba 53 Jake anaamuru Yeerk 17,372 wamwagwe angani wakiwa ndani ya bwawa lao, hawana mwili, hawana silaha. Katika 54 Rachel anamuua Tom kwa agizo la Jake, kisha anauawa akiwa katika umbo lake la kibinadamu, na kwa mara ya kwanza hakuna umbo la kumrudisha. Wasomaji wengi walikasirika; Applegate aliwajibu kwa barua ya wazi kwamba vita ndivyo vilivyo. Wakati wa kusoma hivyo nilikuwa bado sijapata namba 13. Nilipoipata, miezi mingi baadaye, ndipo nilipojua kwamba Tobias alikwisha kupewa tena umbo lake la mvulana: angeweza kulivaa wakati wowote, na akikaa nalo zaidi ya saa mbili lingekuwa lake hadi kufa. Vita vimekwisha, hakuna tena anayehitaji mwewe wa kupeleleza. Anachukua majivu ya Rachel na kuruka nayo kuelekea msituni.