Kisima cha Wake Wawili

Katika magofu ya Mkame Ndume kule Pujini, upande wa mashariki wa Pemba, kuna kisima kilichotiwa ukuta. Visima vingi huzungushiwa ukuta. Hiki kimegawanywa nao. Wenyeji husimulia kwamba mtawala yule alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, akaona dawa ni kuwafanya wasionane hata wakati wa kuteka maji. Mmoja aliteremka ngazi mpaka yalipo maji. Mwenzake alisimama juu, upande wa pili, akitumbukiza ndoo kwa kamba. Maji ni yale yale.

Kisa hiki nimekisikia tangu sijaanza skuli, na kila anayekisimulia huanza na Mkame Ndume akaishia na Mkame Ndume. Jina lake la kuzaliwa tunalo, Muhammad bin Abdulrahman. Lakabu yake tunaijua ilikotoka: alivyowakama wanaume kama ng'ombe wa maziwa, akawabebesha mawe ya ngome huku wakijikokota kwa makalio. Ngome yenyewe ni ya karne ya 15, na wanaakiolojia wamekuja kuichimba na kuipima. Wake zake, waliosababisha ule ukuta, hatuwajui hata majina. Wameachiwa wivu na ndoo.

Nakieleza kisima hiki kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuisoma riwaya ya Kiingereza iitwayo Jane Eyre. Niliipata mara ya kwanza sekondari, nakala isiyo na jalada, na sikuipenda. Niliona ni hadithi ya msichana maskini aliyeolewa na tajiri, na hizo kwetu hazijapata kuadimika. Aliyenirudisha ni bibi yangu, ambaye hakujua neno la Kiingereza zaidi ya "gudimoni".

Ilikuwa likizo. Mimi niko barazani na kitabu, yeye yuko chini kwenye jamvi anasuka ukili.

"Kitabu hicho chasemaje?"

Nikaanza kumtolea kwa Kiswahili, sura baada ya sura, siku baada ya siku. Yatima anayelelewa na mke wa mjomba asiyempenda. Sawa, hilo alilielewa kabla sijamaliza sentensi. Anapelekwa skuli ya bweni yenye njaa na baridi, anakuwa mwalimu, kisha anapata kazi ya kumfundisha mtoto katika jumba la bwana mmoja aitwaye Rochester. Wanapendana. Siku ya harusi, kanisani, anasimama mtu na kusema ndoa haiwezi kufungwa kwa kuwa bwana harusi ana mke, na mke huyo amefungiwa ghorofa ya juu ya jumba lile lile.

Bibi akasita kusuka.

"Ana mke mmoja tu?"

"Mmoja."

"Basi si aoe wa pili? Tatizo liko wapi?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba swali lake limeibomoa nusu ya riwaya. Ikabidi nimweleze kwamba kwa Waingereza wake wawili ni jinai. Na kumwacha huyu wa kwanza je? Sheria yao haikumruhusu mtu kumwacha mke kwa sababu ya kichaa, na kabla ya mwaka 1857 talaka ya kumwezesha mtu kuoa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge. Bibi alitikisa kichwa, akawahurumia Waingereza wote kwa pamoja. Lakini hakumhurumia Rochester. Kwake kosa la bwana yule halikuwa idadi ya wake. Mke, hata awe na maradhi, ana haki ya kujulikana kuwa ni mke; ana zamu yake, posho yake na mlango wake. "Huyu kamzika hai," alisema. "Na yule mdogo anataka kumwoa juu ya kaburi."

Tangu siku ile siwezi kuisoma sura ile kwa macho ya mtu mwingine.

Sasa nataka nisifu ufundi, maana ndio ulionikalisha. Charlotte Brontë alikitoa kitabu chake London mwaka 1847 kwa jina la kujificha, Currer Bell, jina lisilosema kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Ndani ya kitabu alifanya kinyume: alimtoa mwanamke hadharani na kumpa neno "mimi". Hadithi nzima anaisimulia Jane mwenyewe, mfupi, asiye na sura ya kutazamwa mara mbili, mwenye mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Kabla yake zilikuwapo riwaya nyingi zilizowapenda wasichana maskini, zikawasemea. Brontë, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu wa kuajiriwa nyumbani mwa watu, hakumsemea. Tunayaona mambo kutoka pale Jane alipoketi, pembeni, karibu na pazia, wageni wenye hariri wakimpita kama kiti.

Mwanamke kuisema "mimi" yake mwenyewe halikuwa jambo geni kwa pwani yetu. Mwaka 1847 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alikuwa mtoto wa miaka mitatu huko Mtoni, Unguja. Baadaye alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1886, akiwa mjane Ujerumani, akatoa kitabu cha maisha yake. Kusoma ni kumsikiliza mwingine. Waliomnyima kalamu walijua wanachokifanya.

Narudi kwenye ufundi. Mke aliyefichwa hatumwoni kwa muda mrefu, ila tunamsikia. Kwanza ni kicheko, kikavu, kutoka juu ya dari, ambacho Jane anaambiwa ni cha mtumishi mshonaji. Kisha usiku mmoja kitanda cha bwana kinashika moto. Kisha mgeni anaumwa kwa meno. Kisha shela ya harusi inapasuliwa vipande viwili. Kila mara anatolewa maelezo, na kila mara maelezo hayatoshi kidogo tu, kama shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inatoka. Mwandishi dhaifu angetuambia mapema, au angetuficha kabisa halafu atushtue. Brontë anatuacha tusikie, kisha tukubali kudanganywa pamoja na Jane kwa sababu nasi tunaitaka ile harusi.

Pujini nako kuna chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani mwake imefinyangwa siwa kwa chokaa. Siwa ni pembe ya enzi. Hupulizwa ili mji mzima ujue. Ile ya ukutani haipulizwi, imekwama katika chokaa, chini, gizani. Kila nikisoma kuhusu ghorofa ile ya Thornfield, jumba la Rochester, naikumbuka. Tofauti ni kwamba siwa ya Brontë inalia.

Lakini inalia bila maneno. Hapa ndipo ninapomdai mwandishi ninayempenda. Mke yule ana jina, Bertha Mason, ametoka Jamaica, ameletwa na mali yake yote; na katika kitabu kizima kilichojaa "mimi" ya Jane, yeye hapewi sentensi yake mwenyewe. Anacheka, anang'ata, ananguruma. Ukuta umejengwa katikati ya kisima: mwanamke mmoja ana ngazi za kushuka mpaka kwenye maji ya moyo wake, mwenzake ana kamba tu. Ilimpasa Jean Rhys, mwanamke aliyezaliwa kisiwani Dominica, atoe riwaya nyingine mwaka 1966 ili Bertha aseme upande wake. Wapo wanaoona kwamba kwa hilo Brontë amehukumiwa. Mimi naona alikiacha kisima na ufa. Angetaka Bertha asisikike kabisa, asingempa kile kicheko.

Sehemu aliyoipenda bibi ni kuondoka kwa Jane. Rochester anamsihi waishi pamoja bila ndoa, anamwahidi nyumba ya mbali yenye jua, na Jane anampenda kiasi cha kuumwa. Anaondoka alfajiri na shilingi 20. Zinakwisha kwa nauli, furushi lake analisahau ndani ya gari la farasi, analala porini, anazunguka kijijini akitaka kubadilisha leso na glavu zake kwa mkate na hapati. Siku moja anaona mtoto wa kike anataka kumwaga uji uliopoa kwenye hori la nguruwe. Anauomba. Anaula.

"Wa nguruwe?" bibi aliuliza.

"Uliokusudiwa nguruwe."

Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Ataolewa kwa heshima huyo." Sikumwelewa mpaka nilipofika mwisho wa kitabu kwa mara ya pili.

Brontë alijua kitu ambacho waandishi wengi wa mapenzi hukiruka: heshima ina bei sokoni, na lazima mtu aonyeshwe akiilipa kwa tumbo. Ndiyo maana kitabu kimejaa hesabu. Jane akiwa mchumba anakataa vito na hariri, anataka aendelee kumfundisha mtoto na kulipwa pauni zake 30. Akirithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake, anazigawa mafungu manne na binamu zake watatu, kila mtu 5,000. Kuna pesa nyingi katika riwaya hii kuliko mabusu, na nadhani hilo ni sifa.

Bibi aliifuata hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa hesabu. Ukindu aliununua, akauchana, akautia rangi, akauanika, akausuka ukili mwembamba alioupima kwa pima, kisha akaushona mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa mkeka. Pesa ya mkeka ilikuwa yake. Babu hakuiuliza, na nadhani hakujua ni kiasi gani. Nilipomwambia kwamba katika Uingereza ya wakati ule mwanamke akiolewa mali yake iligeuka kuwa ya mumewe, na kwamba sheria ilianza kulegea mwaka 1870 tu, ikamwachia mke mali yake kwa ukamilifu mwaka 1882, alinitazama kama niliyeyatunga.

"Hata mahari?"

Hata kilichokuwa chake kabla. Kwa sheria tuliyorithi sisi, mwanamke wa Pemba aliyeachiwa mikarafuu na baba yake aliingia nayo kwenye ndoa na kutoka nayo. Sipambi: fungu lake lilikuwa nusu ya la kaka yake, na mara nyingi hata hiyo nusu ilichumwa na kaka, ikakaushwa na kaka, ikauzwa na kaka. Hata hivyo, kwa maandishi, bibi asiyejua kusoma alikuwa na haki ambayo Jane mwenye Kifaransa chake hakuwa nayo. Ukilijua hilo, ile ndoa ya mwisho inakuwa na hatari ambayo msomaji wa leo haioni. Jane anaporudi kwa Rochester, ambaye sasa ni kipofu na amepoteza mkono katika moto wa usiku aliokufa Bertha, anarudi na pauni 5,000 na nyumba anayoweza kuijenga popote. Anazipeleka mahali ambapo sheria itamnyang'anya. Anajua, na anakwenda kwa miguu yake.

Hapo nikakwama. Sura ya mwisho inaanza kwa Jane kumgeukia msomaji na kumwambia, kwa maneno manne ya Kiingereza, kwamba ndoa imekuwa. Na katika maneno hayo yeye ndiye mtenda, bwana ni mtendwa. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha ndoa kwa wote wawili. Sisi mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nikitumia kuolewa, Jane aliyekwenda kwa miguu yake anafika mwisho wa hadithi amebebwa. Nikitumia kuoa, bibi atadhani nimekosea sarufi. Nikatafutatafuta: walioana, walifunga ndoa. Sahihi, na baridi. "Sisi" imeimeza ile "mimi" ambayo kitabu kizima kilikuwa kinailinda.

Nikamweleza bibi shida yangu, bila sarufi: kwamba huyu mwanamke ndiye aliyekwenda, ndiye aliyeamua, ndiye mwenye mali, na sina neno.

"Huna neno vipi? Bi Khadija je?"

Nikanyamaza.

"Bi Khadija alikuwa na biashara yake na mali yake, na yeye ndiye aliyepeleka posa kwa Mtume. Sema kaposa. Huyo mtoto kaposa mwenyewe."

Tangu hapo hivyo ndivyo ninavyoisimulia. Jane alimposa Rochester. Si tafsiri ya neno kwa neno, na mwalimu yeyote angenikata alama. Lakini ukitaka kujua Brontë alilifanya nini neno la ndoa mwaka 1847, uliza baraza ya Pujini lina uzito gani kumsikia mwanamke kaposa.

Nilipofunga kitabu nilidhani tumemaliza. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, na bibi alikuwa anaunga ukindu mpya mahali ule wa zamani ulipoishia, akiuficha mwanzo wake chini ya mwenzake usionekane.

"Na yule wa ghorofani," akasema bila kuinua macho, "alizikwa wapi?"

Nikarudi kwenye sura ya moto. Anapanda juu ya paa, nywele zake zikionekana dhidi ya miali, anaruka, anakufa juu ya mawe. Mwenye nyumba ya wageni anamweleza Jane yote hayo, kisha wote wawili wanaingia katika habari za bwana na macho yake. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikageuza uliofuata, na uliofuata huo.

"Hawakusema," nikamwambia.

"Tafuta vizuri."