7075: Nguvu Ndani ya Punje, Udhaifu Mipakani

Aloi ya alumini 7075 iliingia kwenye ndege za Marekani mwaka 1943, ikitoka kampuni ya Alcoa. Ina zinki asilimia 5.1 hadi 6.1, magnesiamu asilimia 2.1 hadi 2.9, na shaba kidogo. Ikifikishwa kilele cha ugumu, hali iitwayo T6, huhimili takriban megapaskali 570 kabla ya kukatika, ilhali alumini safi iliyolainishwa haifiki hata 100. Hata hivyo, bamba nene la T6 likivutwa kupitia unene wake mahali penye chumvi, laweza kupasuka kwa mkazo usiofika megapaskali 50.

Nguvu hiyo hutoka tanurini. Aloi hupashwa joto la nyuzi 470 hadi 480 za Selsiasi ili zinki na magnesiamu zienee ndani ya alumini ikiwa bado yabisi. Kisha hutumbukizwa majini, na atomi hizo hunaswa zilipo. Baada ya hapo aloi huwekwa kwenye nyuzi 120 kwa saa 24, nazo atomi zikajikusanya kuwa chembe za nanomita chache. Metali hupinda pale kasoro katika mpangilio wa atomi zinapoteleza, mithili ya mkunjo unaosukumwa kwenye mkeka. Chembe zikijaa kila mahali, kasoro hizo hukwama.

Udhaifu uko kwingine: kwenye mipaka kati ya punje za metali, yaani fuwele ndogo zinazoiunda. Huko chembe za zinki na magnesiamu hukaa karibu karibu, nazo huliwa na maji ya chumvi upesi kuliko alumini inayozizunguka. Ulikaji huo huzalisha hidrojeni, inayopenya mpakani na kuudhoofisha. Bamba linapopitishwa kwenye roli, punje hulala bapa, hivyo mvuto wa kupitia unene huivuta mipaka hiyo moja kwa moja.

Dawa ya kwanza, T73 ya miaka ya 1960, ilikuwa kuongeza hatua ya pili ya joto, nyuzi 160 na kitu kwa saa 24 au zaidi. Chembe za mipakani hukua na kuachana, na shaba inayoingia ndani yake hupunguza kasi ya kuliwa. Mkazo unaovumilika kupitia unene hupanda hadi karibu megapaskali 300. Lakini joto hilohilo hunenepesha pia chembe za ndani ya punje na kuzipunguza idadi. Asilimia 10 hadi 15 ya nguvu hupotea, na kwenye ndege hasara hiyo hufidiwa kwa unene, yaani uzito.

Mwaka 1974 Baruch Cina wa Israel Aircraft Industries alipata hataza ya njia nyingine. Alichukua metali iliyokwisha kufikia T6, akaipasha nyuzi 200 hadi 260 kwa muda mfupi sana, akaipoza, kisha akairudisha kwenye nyuzi 120. Ujanja uko katika ukubwa wa chembe. Zile ndogo za ndani ya punje haziwezi kustahimili joto hilo, hivyo nyingi huyeyuka. Zile za mipakani, ambazo tayari ni kubwa, hubaki na kuzidi kukua. Hatua ya mwisho huzijaza punje chembe ndogo upya. Ndani panabaki na ugumu wa T6, na mipaka inafanana na ya T73.

Kikwazo kilikuwa unene: katika muda mfupi hivyo, uso wa bamba nene hupata joto kabla ya kiini. Alcoa ilishusha joto na kurefusha muda, ikazaa hali ya T77. Aloi 7055, ya jamii moja na 7075, katika hali hiyo ndiyo iliyofunika upande wa juu wa mabawa ya Boeing 777.

Kwa hiyo namba ya aloi hueleza tu kilichomo. Anayeagiza bamba nene la 7075 kwa kazi ya baharini bila kutaja hali yake ameacha jambo kubwa zaidi mikononi mwa muuzaji.