Je, Kizuri Chajiuza? Lugha ya Rege katika Tamasha la Rototom na Funzo kwa Sera ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya ukuzaji wa Kiswahili kuna hoja inayorudiwa mara nyingi: kwamba muziki huieneza lugha bila gharama ya kamusi, mitaala wala walimu. Hoja hiyo imesimama juu ya imani ya wahenga kuwa kizuri chajiuza. Makala haya yanaihakiki kwa kutumia mfano wa nje ya eneo letu, yaani tamasha la rege la Rototom Sunsplash nchini Hispania, nililolihudhuria nikiwa msikilizaji na mtafiti wa lugha. Dai langu ni kwamba wimbo unaweza kuvuka bahari ukaiacha lugha yake ufukweni. Kinachosafiri kwa wepesi ni sauti, ilhali kinachohitajiwa na sera ni uelewa.

2.0 Tamasha na Lugha Zake

Rototom lilianzishwa Italia mwaka 1994, na mwaka 2010 likahamia Benicàssim, mji ulio katika pwani ya Mediterania. Jina lake linakumbusha Reggae Sunsplash, tamasha lililoanza Montego Bay, Jamaika, mwaka 1978. Kwa siku kadhaa za Agosti hukusanyika hapo watu kutoka pande nyingi za Ulaya na kwingineko. Mchana hufanyika mijadala ya kijamii na mihadhara ya historia ya rege. Usiku huwa zamu ya majukwaa.

Kwa mtafiti wa lugha, mahali penyewe ni somo. Benicàssim imo katika jimbo la Valencia, ambako Kivalensia ni lugha rasmi sanjari na Kihispania kwa mujibu wa sheria ya mamlaka ya ndani ya mwaka 1982. Juu ya lugha hizo mbili huja Kiingereza, Kiitaliano na Kifaransa cha wageni. Hata hivyo, lugha inayotawala spika usiku si mojawapo ya hizo. Ni Patwa, krioli ya Jamaika, ambayo wengi wa waliokuwa wakicheza hawaizungumzi.

3.0 Mdundo Unaotangulia Neno

Utamaduni wa mitambo ya sauti wa Jamaika una kanuni zake. Anayechagua na kucheza santuri ni mmoja, na anayeghani juu ya mdundo ni mwingine. U-Roy ndiye aliyeutia nguvu ughani huo katika rekodi za mwaka 1970. Mdundo mmoja huweza kubeba nyimbo za wasanii wengi, kila mmoja na maneno yake, kama vile bahari moja ya shairi ibebavyo tungo za malenga tofauti. Hadhira nayo ina mamlaka: ikishangilia vya kutosha, wimbo husimamishwa na kurudishwa mwanzo.

Nilipoyatazama haya yakitendeka, nilivutiwa na wakati ambapo kelele zilianza. Hadhira iliutambua mdundo kwa mapigo ya kwanza ya besi, kabla mwimbaji hajatamka neno. Wimbo ulirudishwa, ukarudishwa tena, na viitikio vikaimbwa kwa matamshi ya kuridhisha. Mashairi yalipoondoka kwenye kiitikio, vinywa vilinyamaza, miguu ikaendelea. Huo haukuwa upungufu wa hadhira, kwa kuwa raha ya mdundo ni haki ya kila msikilizaji. Ila anayetaka kuitumia raha hiyo kama ushahidi wa kuenea kwa lugha hana budi kuuliza: ni nini kilichopokewa?

4.0 Kinachobaki Ufukweni

Rege ni muziki wa hoja, na sehemu kubwa ya hoja hiyo imefumwa ndani ya lugha yenyewe. Warastafari waliunda kiwakilishi kinachorudia "mimi" mara mbili pale ambapo wengine wangesema "sisi", ili mtu asimezwe na kundi wala asitengwe nalo. Neno la Kiingereza lenye maana ya kukandamiza walilivunja: silabi yake ya kwanza ilisikika kama neno la "juu", wakaweka mahali pake neno la "chini", kwani mkandamizwaji hushushwa. Hali kadhalika, Patwa ina kiwakilishi "unu", yaani "ninyi", ambacho wanaisimu hukihusisha na Kiigbo. Asiyeyasikia haya husikia Kiingereza kilichokosewa, na falsafa nzima humpita.

Nyumbani nako mambo si tofauti sana. Novemba 2018 UNESCO iliiingiza rege ya Jamaika katika orodha wakilishi ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kazi za kitaalamu zipo: kamusi ya Cassidy na Le Page ilitoka mwaka 1967, na Agano Jipya la Kipatwa mwaka 2012. Hata hivyo, Kiingereza ndicho kilichobaki kuwa lugha ya sheria na utawala. Dunia inaushangilia wimbo. Mwenye lugha akifika mahakamani, lugha yake haina cheo.

5.0 Neno Lililosafiri

Kuna mfano unaokwenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliundwa Kingston kundi la Black Uhuru, ambalo mwaka 1985 lilipata tuzo ya kwanza ya Grammy ya rege. Neno "uhuru" halikufika Jamaika kwa sababu ya utamu wa sauti yake pekee. Lilikuwa limebeba habari za ukombozi wa Afrika Mashariki, na waliolichukua walijua maana yake. Lugha husafiri pamoja na hoja pale msikilizaji anapokuwa na haja ya kuelewa.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hali yetu ni kinyume cha ile ya Patwa. Kiswahili kilitambuliwa kikatiba kuwa lugha rasmi ya pili Uganda mwaka 2005, kikawa lugha rasmi Rwanda mwaka 2017, na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Sheria tunayo. Hatari ni kuhesabu Bongo Fleva inayopigwa Kampala na Kigali kuwa ushahidi kwamba sheria hiyo imetekelezwa. Kijana anayeimba kiitikio chote hajathibitisha kuwa anaweza kusoma tangazo la zahanati.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, utafiti kuhusu muziki na lugha upime uelewa wa mashairi, usiishie kwenye idadi ya wasikilizaji. Pili, matamasha yanayopata fedha za umma katika ukanda wetu yachapishe mashairi ya Kiswahili pamoja na tafsiri zake katika Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda na lugha nyingine za hadhira. Tatu, mashairi hayo yaingizwe katika vitabu vya ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni, kwa ridhaa na malipo ya watunzi.

Kizuri huweza kujiuza sokoni. Lugha haiuzwi, hufundishwa, huandikwa na kutumiwa, na kazi hiyo hakuna ngoma itakayotufanyia.