Kutu Yenye Kazi

Biogesi ya samadi ya ng'ombe ina mgeni asiyealikwa: haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Methani huwa karibu asilimia 60 ya gesi yote, salfaidi mara nyingi haifiki hata asilimia moja. Lakini kidogo hicho hula koki za shaba, na kikiungua hutoa moshi unaokereketa koo.

Dawa yake ni kutu. Fundi hukusanya unga wa chuma unaomwagika wakati wa kukata na kusaga vyuma, huumwagia maji, huuanika hadi uwe mwekundu, kisha huuchanganya na maranda ili gesi ipate njia. Mchanganyiko huo hujazwa ndani ya bomba la plastiki lililosimamishwa kati ya mtambo na jiko. Salfaidi ikipita, oksidi ya chuma huinasa na wekundu hugeuka weusi. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya oksidi safi humeza takriban gramu 640 za salfaidi.

Ustadi uko katika kiasi. Kutu kavu haifanyi kazi ipasavyo, na iliyolowa chapachapa huziba bomba. Gesi ikikimbizwa, salfaidi hupenya bila kuguswa. Kutu iliyokwisha kuwa nyeusi haitupwi: hutandazwa nje, ikanyunyiziwa maji, na hewa huirudishia wekundu huku salfa ikibaki humo humo. Kazi hiyo hutoa joto, na rundo nene laweza kushika moto. Ndiyo maana fundi makini hutandaza safu nyembamba. Baada ya mizunguko kadhaa salfa hujaa, na hapo kutu hubadilishwa.

Pale Sumbawanga, ujuzi huu una jamaa wa kale. Wafua chuma wa Ufipa walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe. Mawe waliyoyeyusha yalikuwa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Wao walihangaika kuiondoa oksijeni. Fundi wa biogesi huirudisha kwa makusudi.

Pande zote mbili anayetawala hewa ndiye fundi, na macho yake ndiyo kipimo. Pua haifai kuaminiwa: salfaidi ikizidi, huitia ganzi, na harufu hutoweka hatari ikiwa palepale. Rangi ya kutu haina ujanja huo.